Mume wangu ana COPD, kifaa cha kidoleni kinasoma vizuri ila yeye anasema anakata roho: ni mapafu au ni kichwa?

Dada mmoja kaniandikia, nafupisha. Mume wake ana miaka 58, aliambiwa ana COPD (ugonjwa sugu wa mapafu unaobana njia za hewa) miaka minne iliyopita, pampu anatumia, sigara aliacha. Tangu alazwe mara ya mwisho amekuwa mtu mwingine, hatoki nje, akioga hataki mlango ufungwe, usiku anashtuka anakaa ukingoni mwa kitanda anasema anakata roho, wakimpima na kile kifaa cha kidoleni kinasoma 95. Daktari akashauri amuone mwanasaikolojia, jamaa akawaka, "kwahiyo mnaniona mimi kichaa". Dada anauliza hili tatizo ni la mapafu au la kichwa, amsaidieje bila kugombana, je wamfiche hicho kifaa, na anakiri kwamba siku moja kwa hasira alimropokea kuwa huu ugonjwa alijitakia mwenyewe.

Pole sana dada yangu. Mimi ni mwanasaikolojia na wagonjwa wangu ni watu wa mapafu, na hilo swali lako la kwanza naletewa karibu kila wiki, sanasana na familia. Jibu ni vyote viwili kwa wakati mmoja, na ukijaribu kuvitenganisha ndo ugomvi unapoanzia hapo hapo, maana ukimwambia ni kichwa anasikia kwamba anaigiza, na ukimwambia ni mapafu tu basi atakaa anasubiri dawa mpya ya pampu ambayo itamtoa hofu, na hamna pampu ya hivyo.

Anza na hiyo 95. Kile kifaa kinapima oksijeni iliyoko kwenye damu, basi. Hakipimi kazi anayoifanya kuivuta hiyo hewa. Hisia ya kukosa pumzi inatengenezwa na ubongo, unalinganisha amri uliyotoa ("vuta hewa nyingi") na jinsi kifua kilivyotanuka kweli, na pale ambapo amri ni kubwa na kifua kimegoma, mtu anahisi anakabwa hata kama damu yake ina oksijeni ya kutosha kabisa. Kwahiyo mtu wa 95 anaweza kuwa kwenye dhiki ya kweli, na mwingine ana 88 amekaa anapiga stori. Ukimwambia "mbona kifaa kinasoma vizuri" unakuwa umemwita muongo kwa adabu.

Ila kabla hatujaenda kwenye hofu, kuna kitu lazima kifanyike na mimi huwa sikirukii. 95 akiwa amekaa sio 95 akiwa anatembea. Muombeni daktari ampime akiwa anatembea, kuna kipimo cha kutembea dakika 6 wanakifanya sana kwa wagonjwa wa mapafu, aangaliwe na moyo, aangaliwe kama damu imepungua, na tafadhali mtu amtazame kwa macho anavyotumia hiyo pampu, maana watu wana pampu miaka na miaka na dawa inaishia mdomoni. Hayo yakiwa yamekaa sawa ndo tunaongea vizuri.

Sasa kinachotokea usiku. COPD inabana njia za hewa, na shida yake kubwa sio kuingiza hewa, ni kuitoa. Hewa inatoka polepole. Mtu akiogopa anapumua harakaharaka na juujuu, kwahiyo anavuta pumzi mpya kabla ya zamani haijamaliza kutoka, kama basi ambalo abiria wanasukumana kupanda na waliomo hawajashuka, mwisho hata wa kusimama hana pa kukanyaga. Kifua kinajaa hewa iliyokwama, ule msuli mkubwa wa chini ya mapafu unasukumwa unalala bapa unakosa nguvu, na hapo pumzi inakuwa ngumu KWELI KWELI. Hofu imezaa ubanaji halisi. Halafu ubanaji unaongeza hofu, moyo unaenda mbio, jasho, na mtu ana uhakika kwamba leo ndo leo. Ndo maana nasema ukimwambia "ni hofu tu" umekosea, na ukisema hofu haihusiki umekosea pia.

Na kuna kingine kinatokea mchana ambacho hakina kelele lakini mimi naona ndo kibaya zaidi. Alilazwa, aliogopa sana, ubongo ukajifunza. Sasa hivi ubongo wake unapiga kengele kabla hata hajanyanyuka kwenye kiti. Oxford kule Uingereza waliwaweka wagonjwa wa COPD kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo wakawa wanawaonyesha maneno tu ya mambo yanayokata pumzi, kama kupanda ngazi, na ubongo ukawa unaitikia yale maneno, na baada ya kozi ya mazoezi ya mapafu ule mwitikio ulibadilika (hii ilichapishwa 2017). Kwahiyo mtu anaepuka ngazi, anaepuka kutoka, anaepuka bafu, na kila anachoepuka kinampa nafuu ya siku hiyo. Huku misuli ya miguu inanyauka, na msuli dhaifu unadai hewa nyingi kwa kazi ndogo, basi baada ya miezi mitatu hatua kumi zinamchosha kuliko zile hamsini za mwanzo, naye anasema "si mnaona, ugonjwa umekuwa". Mara nyingi mapafu yako palepale, ni mwili umelegea kwa kukaa. Timu moja ya Cambridge inayoshughulika na watu wanaokosa pumzi imeliweka hili kwa namna ninayoipenda, wanasema kuna mambo matatu yanalishana, kupumua, kufikiri na kufanya, na unaweza kuingilia popote.

Mimi na mume wako tungeingilia kwenye kufanya. Kwasababu ukweli ni kwamba mtu mwenye hofu ya kufa hashawishiki kwa maneno, awe mtaalamu awe mke. Lengo langu na wagonjwa sio wasikose pumzi tena, COPD haikuahidi hivyo. Lengo ni ajue kwa mwili wake, sio kwa kuambiwa, kwamba pumzi ikienda INARUDI. Hicho tu. Kwahiyo tukishahakikisha daktari ameruhusu mazoezi, tunaitafuta pumzi fupi makusudi, kidogo, akiwa salama, mchana, mtu yuko pembeni. Anapanda ngazi tano, au anakaa na kusimama kwenye kiti mara kadhaa mpaka pumzi ikatike kiasi, anasimama, anapumzika kwa mtindo tuliofundishana, na tunaangalia saa: imerudi baada ya muda gani? Anaandika kwenye daftari. Wengi wanashangaa, alikuwa anadhani ni robo saa kumbe ni dakika mbili. Kesho tena. Baada ya wiki kadhaa ana daftari lenye ushahidi alioutengeneza mwenyewe, na ile saa nane usiku wazo la "nakufa" likija lina kitu cha kubishana nacho. Hiyo ni sehemu ya tiba inayoitwa CBT, yaani tiba ya kubadili fikra na tabia, na haihitaji mtu alale kwenye kochi aeleze utoto wake, sijui nani alieneza hiyo picha.

Mtindo wenyewe wa kurudisha pumzi ni huu. Akae, aegemee mbele, viwiko kwenye magoti au mezani, mabega yashuke. Avute kwa pua taratibu kwa hesabu ya mbili, atoe kwa midomo aliyoibana kama anayepuliza mshumaa bila kuuzima, hesabu ya nne au zaidi. Msisitizo ni KUTOA, watu wote duniani wanamwambia mgonjwa "vuta pumzi ndefu" na kwa huyu ndo kosa, mwacheni atoe kwanza. Midomo ikibanwa njia za hewa zinabaki wazi muda mrefu kidogo na ile iliyokwama inapata nafasi ya kutoka. Alafu mtafutie feni ndogo ya mkononi, ya betri, ajipulizie usoni kwenye mashavu, pua na midomo. Najua inasikika kama mchezo wa watoto ila ilijaribiwa Cambridge kwa watu kama 50, matokeo yakatoka 2010, dakika tano za feni usoni zilipunguza hisia ya kukosa pumzi kuliko feni ile ile ikipulizwa mguuni. Mishipa ya fahamu ya uso ikipigwa na upepo inaupa ubongo taarifa kwamba hewa ipo. Ikae kando ya kitanda kila usiku, isiwe ya kutafutwa gizani.

Na wewe usiku ule ufanye nini? Kwanza usimuulize maswali. Mtu anayekosa pumzi hawezi kuongea, na kila swali ("unaumwa wapi? nikuletee nini? nimpigie nani?") linamla pumzi anayoihitaji. Kubalianeni mchana alama za mkono, mfano kidole kimoja "kaa tu hapa", viwili "nipe pampu", ngumi "hii sio ya kawaida, twende hospitali". Kaa chini usawa wake, usimsimamie juu ya kichwa, usimkumbatie kifua, usiseme "tulia" maana hajawahi kutokea mtu aliyetulia kwa kuambiwa tulia. We toa tu pumzi yako polepole kwa sauti ya kusikika, wengi wanaifuata bila kujua.

Bafu. Mlango wazi sio utoto wala wendawazimu, ni mvuke, chumba kidogo, mikono imeinuliwa juu ya kichwa (hilo linabana kifua cha mtu wa COPD vibaya sana), na kuinama. Mwekee kiti akae akioga, maji yasiwe ya moto sana, na akimaliza avae vazi la taulo akae likaushe mwili lenyewe badala ya kuhangaika kujifuta. Mlango aache wazi kidogo kwa sasa, tutaufunga taratibu baadaye.

Sasa kuhusu "mnaniona kichaa". Usibishane naye kwenye hilo neno. Wanaume wengi wanaokuja kwangu wamekuja kwa mlango wa mazoezi, hawakuja kwa mlango wa saikolojia. Ukimwambia "kuna mtu anafundisha namna ya kukabili ile hali ya usiku" umesema ukweli mtupu na hujamtukana, ila usimdanganye kwamba ni daktari wa kifua alafu akifika akute vingine, ukipoteza imani yake hapo hutaipata tena. Na kama ana nesi wa kliniki ya kifua anayemwamini, anzieni hapo. Newcastle, huko huko Uingereza, walifundisha manesi wa mapafu kutoa hiyo CBT wenyewe, vikao vichache tu, wagonjwa 279 kwenye utafiti uliotoka 2018, na waliopata vikao hofu yao ilipungua kuliko waliopewa vipeperushi vya kujisomea. Kwahiyo sio lazima awe mtu mwenye cheo changu.

Na kama kuna huduma ya mazoezi ya mapafu mahali mnapoweza kufika, ipiganie hiyo kabla ya kila kitu nilichoandika hapa. Kwa kawaida ni wiki 6 mpaka 12, mara mbili au zaidi kwa wiki, mazoezi ya kusimamiwa pamoja na mafundisho. Ule uchambuzi mkubwa wa 2015 wa Cochrane (mtandao wa watafiti wanaokusanya na kuchambua tafiti za tiba) ulikusanya majaribio 65, watu 3,822, na kilichoboreka sio pumzi na uchovu tu, hata hali ya kihisia iliboreka. Pia anakutana na wenzake. Mimi naweza kumwambia mara mia kwamba hofu hii ni ya kawaida, asiniamini, alafu mwanaume mwingine wa umri wake akamwambia "mi nilikuwa nalala nimekaa kwenye kiti" na mambo yakaisha pale pale.

Kitu ambacho hukuuliza lakini nimekisoma katikati ya mistari: sonona. Ugumu wake kwa watu hawa ni kwamba uchovu, kukosa usingizi, kutokula, hivyo vyote mapafu pia yanaleta, kwahiyo hata madaktari vinawapita. Angalia vingine. Je, kile alichokuwa anakipenda na kinaweza kufanyika akiwa amekaa, bado anakifurahia? Anajiona mzigo? Anasema mambo kama "mtapumzika nikiondoka"? Kuna dodoso linaitwa HADS, la tangu 1983, maswali 14, saba ya hofu saba ya huzuni, lilitengenezwa makusudi bila kuuliza dalili za mwili ili kukwepa huo mkanganyiko, na upande wowote ukifika 8 kati ya 21 inafaa kuangaliwa zaidi. Omba wampe ajaze. Na kama ameshatamka kutaka kufa au kujidhuru, hilo halisubiri tarehe ya kliniki, ni la siku hiyo hiyo, na kumuuliza waziwazi hakumpandikizii wazo.

Dawa sitaongea sana maana sio mimi wa kuandika cheti. Ila pampu ya salbutamol inatetemesha mikono na kupiga moyo mbio, mtu aliyejipulizia mara nyingi kwa woga anaweza kudhani anazidiwa kumbe ni dawa. Prednisolone (dawa ya kundi la steroidi ya kushusha uvimbe wa njia za hewa) inaweza kuvuruga usingizi na hisia, ulizeni kama inaweza kunywewa asubuhi, na msiikate ghafla. Vidonge vya kutuliza vya kundi la diazepam kaeni navyo mbali mpaka daktari anayejua mapafu yake aseme, vinaweza kudumaza upumuaji, na pombe hivyo hivyo. Dawa za sonona zinasaidia sonona na wengine wanazihitaji kweli, ila msizitegemee zitoe kubanwa kifua kwenyewe: moja ya hizo, mirtazapine, ilijaribiwa kwa ajili hiyo kwa watu wenye COPD na wenye makovu ya mapafu, matokeo ya 2024, haikupunguza na madhara yakawa mengi kidogo.

Lile neno ulilomropokea. Liongelee, usisubiri asahau, hasahau, na pengine anajiambia hilo mwenyewe kila usiku. Mtu anayejiona mkosaji anaacha kuomba msaada, anaficha dalili, anaruka kliniki. Sigara ni sababu kubwa ndio, ila Shirika la Afya Duniani lenyewe linasema kwenye nchi tajiri inahusika na zaidi ya asilimia 70 ya wagonjwa wa COPD na kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati ni kama 30 mpaka 40, kwingine ni moshi wa kupikia, vumbi la kazini, mapafu yaliyoumizwa utotoni. Tena aliacha! Kuacha nikotini ni kazi ngumu na sidhani kama kuna mtu alimpongeza.

Na mambo ya chumbani, maana wake wengi wanaandika barua ndefu wasiyataje. Hofu ya kubanwa inaua hamu kabla ya mapafu kuizuia, na wewe unaogopa kumuua, kila mtu anageukia ukuta wake. Chagueni muda ambao pumzi yake iko vizuri, apulize pampu yake ya kutanua njia za hewa kabla kama daktari amekubali, mkao ambao kifua chake hakibebi uzito, feni iwepo. Na hata kama haifiki huko, kulala mmeshikana kuna faida yake.

Kifaa cha kidoleni usimfiche, utamfanya akitafute kama mtu wa sigara. Kipangieni muda, mfano asubuhi na jioni na pale anapoona hali imebadilika sio ya kawaida yake. Anayejipima kila dakika kumi anailisha hofu, na vidole vikiwa vya baridi namba inadanganya, basi inakuwa vita juu ya vita.

Hivi hapa havingoji mtindo wa kupumua wala feni: midomo au kucha kugeuka bluu, kuchanganyikiwa au usingizi usio wa kawaida (hasa pamoja na kichwa kuuma asubuhi, hewa chafu inaweza kuwa inabaki mwilini), kushindwa kumaliza sentensi hata baada ya kupumzika na pampu, maumivu ya kifua, homa na makohozi yaliyobadilika rangi, mguu mmoja kuvimba. Hapo ni hospitali, na kama mkifika ikaonekana ilikuwa hofu, hamna aibu. Muombeni daktari awaandikie mpango wa karatasi moja, hali hii fanya hiki, ikifika hapa njooni. Karatasi hiyo ikiwa ukutani usingizi wa nyinyi wote wawili unabadilika, nimeliona hilo mara nyingi sana.

Na wewe dada. Umeandika "nimechoka" mara moja tu katikati ya sentensi nyingine. Usimfanyie kila kitu, sio kwa kuwa na wewe una mwili tu, ni kwamba kila unachomfanyia anachokiweza unamthibitishia kwamba hawezi, mwache avae viatu mwenyewe hata kama inachukua dakika kumi na wewe unatamani kumalizia. Tafuta ndugu mmoja wa kushika usiku mmoja kwa wiki ulale chumba kingine, na huyo ndugu afundishwe alama za mkono kabla, sio usiku wenyewe. Kwenye kliniki ijayo ingia naye, muache aongee kwanza, na akiishia na "naendelea vizuri" kama wanavyosema wote, we taja mambo matatu tu: anaamka usiku, hatoki nje, mnaomba kipimo cha kutembea na rufaa ya mazoezi ya mapafu. Ukileta orodha ndefu daktari atachukua ile ya kwanza na mkutano utakuwa umeisha.